Kitenge Juu ya Boneti

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, na mkitaka niape naapa: likipatikana neno moja la uongo humu, basi jogoo wangu mwekundu, yule anayeamsha Nsemulwa nzima hata siku ambazo watu hawana pa kwenda, achinjwe na aliwe na huyo atakayenikamata. Sikusimuliwa mimi. Nilikuwepo. Nilikuwa mshenga wa Makoye, na safari yote ya kutoka Nsemulwa, mtaa wetu hapa Mpanda, hadi Magamba niliketi kiti cha nyuma cha gari lake, magoti yamenigusa kidevu, nikaona kila kitu na kusikia kila neno, hata yale ambayo mtu huuambia moyo wake peke yake.

Tuanze na gari, maana bila gari aibu hii isingepata cha kupandia.

Lilikuwa gari jekundu la Kijapani, la chini kiasi kwamba kuku akikatiza mbele yake unaona kilemba chake kikielea juu ya boneti. Aliyelileta Mpanda ni mchimbaji mmoja aliyeokota dhahabu, akaagiza gari, akakosa dhahabu nyingine, akaliacha uani kwa watu na kuhama. Kuku wakatagia ndani. Inasemekana siku lilipowashwa tena, vifaranga walitokea kwenye ekzosi wakiwa wamekwisha banikwa, lakini hilo mimi sikuliona, kwa hiyo siliapii.

Makoye alilinunua kwa madume ya baba yake. Baba yake, Mzee Machibya, mfugaji wa Majimoto, alilizunguka gari lile siku lilipofika, akachungulia ndani, akauliza kwa upole unaoumiza kuliko kofi kama kweli ng'ombe wake wamegeuka kitu kinachobeba watu wawili tu, kama baiskeli. Makoye alikuwa kijana mrefu mwenye meno mazuri, na kwa kawaida alipokosa jibu alionyesha meno. Siku hiyo hayakusaidia.

Na kulikuwa na jambo jingine. Injini ya gari lile haina pistoni. Ndani yake mna pande la chuma la pembe tatu, umbo la sambusa kabisa, linalozunguka kwa kasi ya kutisha, na nje imefungiwa tabo, ile mashine inayosukumia injini hewa kwa nguvu. Linakimbia kama limeiba. Lakini injini ya namna hiyo ina joto jingi, na ikichemsha vibaya mara moja tu, sili zake za maji, vile vimpira vinavyozuia maji yasivuje, zinakufa, na zikifa umebaki na kiti cha kukalia. Mafundi wa mjini walimwambia Makoye neno moja kila mmoja kwa wakati wake: nenda kwa Romana.

Romana alikuwa na banda la rejeta pale Nsemulwa, alilorithishwa na mjomba wake Obadia macho yalipomchoka. Mteja mgeni akiingia husema, "Dada, fundi yuko wapi?" naye humjibu, "Anakuja," kisha anachukua zana na kuanza. Baba yake, Mzee Amedeus wa Magamba, katekista wa siku nyingi, hakuipenda kazi ile. Aliwaambia watu binti yake anamsaidia mjomba kuandika hesabu. Nyumbani alikuwa akimshika mikono, anaigeuza viganja juu, anauliza ni mwanamume gani atapokea chakula kutoka mikono kama hii. Romana alizoea kuvaa mikono mirefu akienda Magamba, hata kwenye jua.

Makoye alimkuta ameinama juu ya rejeta ya lori. Hakumuuliza fundi yuko wapi. Bahati yake.

Alichofanya ni kumwonyesha picha kwenye simu. Alitaka intakula kubwa ifungwe mbele kabisa ya gari, mdomoni, ing'ae, mtu akikutana naye barabarani aione kama meno.

Romana aliitazama picha, kisha akamtazama yeye, na Makoye akahisi kama ndiye aliyefunguliwa boneti.

"Intakula inafanya kazi gani?" Romana akamuuliza.

"Inapoza."

"Inapoza nini?"

Makoye akaonyesha meno. Romana akaketi juu ya tairi bovu na kumfundisha, bila dharau na bila haraka. Tabo ikikandamiza hewa, hewa inapata moto. Kazi ya intakula ni kuipoza kabla haijaingia kwenye injini. Rejeta nayo inapoza maji yanayoizunguka injini. Wote wawili wanaishi kwa upepo uleule unaoingia kwa mbele, na hapo ndipo ugomvi wao unapoanzia. Ukiiweka intakula mbele, inakunywa upepo wa kwanza na kumtemea mwenzake uliokwisha kuwa moto. Kwenye lami, kwa kasi, unaweza kuponea. Lakini njia ya Majimoto, nyuma ya kundi la ng'ombe, mwendo wa mguu, litachemka kabla ng'ombe hawajapisha. Ukiirudisha juu ya injini, pale ilipokuwa tangu mwanzo, ni ndogo na imekalia jiko.

"Basi tufanyeje?"

"Lete mikono."

Makoye akaleta. Romana akaikutanisha viganja kwa upande wa nyuma, kwenye vifundo, akaviachanisha kwa upande wa vidole, kimoja juu kimoja chini, kama kiboko anayepiga mwayo mtoni.

"Taya la juu ni intakula," alisema. "La chini ni rejeta, imelazwa. Upepo unaingia mdomoni, unagawanyika. Nusu unapita juu na kutokea kwenye tundu nitakalokata katika boneti. Nusu unapita chini na kutokea mvunguni. Hakuna anayekula makombo ya mwenzake. Pembeni naziba kwa bati, upepo usitoroke. Na hapa chini naweka wavu mgumu, mawe yasimtoboe."

Kisha akainama na kupuliza katikati ya viganja vya Makoye, taratibu, ili aone.

"Umeusikia ulivyogawanyika?"

"Sijausikia vizuri," Makoye alisema. "Rudia."

Romana akacheka. Wapo watu wanaocheka mara nyingi, na wapo ambao wakicheka unajua umepewa kitu. Makoye alijua.

Kazi ile ilichukua msimu. Romana alipunguza rejeta nene ya shaba mpaka ikaenea, akakata bati, akakata boneti huku Makoye amefumba macho. Makoye alishika taa, alipokea spana, alileta chai. Siku moja lehemu ilimrukia Romana juu ya kifundo cha mkono ikaacha alama nyekundu ya urefu wa njiti ya kiberiti, na Makoye aliushika mkono ule muda mrefu kuliko jeraha lilivyohitaji, na Romana hakuuondoa. Gari likapona. Likaenda Majimoto nyuma ya ng'ombe, mwendo wa mguu, jua la utosi, na sindano ya joto haikutikisika. Hata Mzee Machibya alikubali kuketi ndani, ingawa alikataa kufunga mkanda akisema yeye si mzigo.

Siku alipomaliza, Romana alimwambia mambo mawili. La kwanza lilihusu tundu la juu ya boneti. Hilo ni pua, alisema. Usilifunike, wala mdomo wa mbele usiufunike, hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi. La pili alilisema huku akifuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Ukija nyumbani kujitambulisha, baba atakuuliza mambo ya gari. Anapenda magari, anajifanya tu hapendi. Akikuuliza nani kalitengeneza, mwambie."

"Nitamwambia."

"Sitaki sifa, Makoye. Nataka alisikie kwa mtu mwingine. Kwa mtu anayenitaka."

"Nimesema nitamwambia."

Basi siku ikafika. Mashangazi walikuja kutoka Majimoto kwa gari la Noah, wamevaa sare ya kitenge cha njano na buluu, wakiongozwa na Shangazi Esteria, mwanamke ambaye hata ng'ombe humpisha. Walipoliona gari liko wazi namna ile walisikitika. Kwao gari la kwenda ukweni haliendi uchi. Shangazi Esteria akatoa kitenge cha sare kilichobaki, akakitandaza juu ya boneti kutoka upande mmoja hadi mwingine, akakishusha mbele, akakivuta ncha na kuzifunga chini ya bampa, na katikati ya mdomo wa gari akapiga fundo kubwa la maua. Kikakaa sawasawa. Pua imefunikwa na mdomo umefungwa.

Makoye aliona. Alikumbuka neno kwa neno. Akafungua kinywa.

Shangazi Esteria akamgusa shavu, macho yamejaa machozi, akamwambia sasa umekuwa mtu. Mashangazi wengine walikuwa wanatazama. Angesema nini? Kwamba kuna msichana amemkataza? Waseme hata hajaoa amekwisha kuendeshwa? Magamba si mbali, alijiambia. Akafunga kinywa. Ile ilikuwa haya ya kwanza, haya ya bure kabisa, na ndiyo iliyozaa zote zilizofuata.

Sebuleni kwa Mzee Amedeus tulipangwa kwa umri. Mzee alivaa suti ya kijivu iliyokaa sandukuni mpaka ikawa na mikunjo ya mraba. Salamu zikapita, habari za mvua zikapita. Romana akaingia na jagi, beseni na taulo begani, gauni la mikono mirefu, akapiga goti na kuanza kutunawisha, mkubwa kwanza. Hakumtazama Makoye, lakini namna alivyokuwa hamtazami ilijaza chumba.

Alipofika kwake, Mzee Amedeus alikuwa amegeukia dirisha.

"Gari hilo, kijana," akasema. "Nimelisikia tangu kule njia panda, halikohoi. Watu wanasema lilikuwa linachemsha mpaka likawashinda mafundi. Nani kakutengenezea?"

Maji yalikuwa yanatiririka juu ya mikono ya Makoye. Akaitazama. Ilikuwa safi toka mwanzo. Pembeni yake kulikuwa na Shangazi Esteria, na wajomba wa Romana, wanaume wazima wenye mikono mikavu ya shamba, wote wakisubiri jibu. Aseme mwanamke aliyepiga goti mbele yake ndiye aliyemwokoa? Neno lilikuwa hapo mdomoni. Lilikuwa jina moja tu.

"Nilikaa nikafikiria mwenyewe, mzee," akasema. "Nikabuni."

Maji yakasimama.

Yakaanza tena. Romana aliinua macho mara moja, na hayakuwa na hasira, ndiyo maana yalimwunguza. Yalikuwa macho ya mtu aliyesikia kitu alichokuwa ameambiwa miaka yote na kukataa kukiamini. Mkono wa gauni ulikuwa umepanda kidogo, na alama ya lehemu ilikuwa pale, juu ya kifundo, sawa na siku alipoishika. Romana akaushusha mkono wa gauni. Akampa taulo. Akasogea kwa mwingine.

Mzee Amedeus alifurahi kupita kiasi. Alisema alikuwa na wasiwasi, kijana mwenye gari la kelele, lakini kumbe ni kichwa. Hakusubiri hata chakula. Alitaka apandishwe, azungushwe Magamba mara moja, watu wamwone mkwe anayebuni. Mashangazi wakapiga vigelegele. Makoye akainuka kwenda garini.

Walisimama dukani kwa Gaudensi. Mzee akateremsha kioo na kumweleza Gaudensi kwamba mfumo wote wa kupozea kaubuni kijana mwenyewe, kwa akili yake, hakusaidiwa na mtu. Wakasimama kigangoni, ambako kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, mzee akaeleza tena na wanakwaya wakatoka kushangaa. Wakasimama kwa Bibi Scolastica, aliyekuwa anamenya mihogo, na bibi akaingiza mkono dirishani kumpongeza Makoye, akaushika mkono wake kwa muda, akaupapasa, akarudi kwenye mihogo yake.

Kila waliposimama Makoye aliitikia kwa kichwa, na kila alipoitikia alijihisi amepungua. Sindano ya joto aliiona ikipanda tangu dukani. Kigangoni ilikuwa imepita nusu. Angesimama, angefungua kitenge, na mzee angeuliza kwa nini, naye angejibu kwa nini? Jibu lilikuwa la mtu mwingine. Akaendelea.

Kwenye mwinuko wa kurudi nyumbani, kando ya shamba la mahindi, gari lilitoa sauti kama mtu anayevuta pumzi ya mwisho. Mvuke ukapenya kwenye kitenge, ukapanda, ukaongezeka, mpaka kule Mpanda mjini, nasikia, watu walianua nguo. Makoye akasimamisha. Mzee Amedeus akashuka katika suti yake ya kijivu, akakohoa, akasimama mbali kidogo. Watu wakaanza kuja, na Noah ya mashangazi ikaja.

"Wewe ndiye uliyebuni," mzee akasema, bado kwa heshima. "Lina nini?"

Makoye akafungua fundo, kisha boneti, kitenge kikining'inia kama ngozi. Hakujua. Alijua kushika taa. Akaupeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta ili afanye chochote kinachofanana na ufundi.

"Usifungue hapo. Utaungua uso."

Romana, aliyeuona mvuke tangu nyumbani, alikuwa anashuka kwenye bodaboda, gauni la sherehe, viatu mkononi. Akapita katikati ya watu, akaingiza mkono dirishani, akazima injini lakini akaiacha swichi, feni iendelee kuzunguka. Kisha akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono kifuani.

Baba yake akamtazama. "Romana. Unayaelewa mambo haya?"

"Mimi, baba? Aliyebuni yupo. Mwulizeni."

Injini ilikuwa inalia tik, tik, kama inahesabu. Makoye alijua maana ya sauti ile: sili za maji, madume ya baba yake, vyote vilikuwa vinapikwa mle ndani, na mtu pekee aliyejua cha kufanya alikuwa amesimama pale, amekunja mikono, na alikuwa na haki. Lakini si injini iliyomvunja. Ilikuwa ni kwamba Romana alikuwa amevaa ile mikono mirefu, kwenye jua lile, na yeye Makoye ndiye aliyemrudisha ndani yake.

"Mzee," akasema. Akaanza upya. "Baba. Sikubuni mimi. Ni Romana. Alifikiria yeye, alikata yeye, alilehemu yeye. Mimi nilishika taa. Hata kitenge hiki alinikataza nisifunike hapa, nikaona haya kumwambia shangazi."

Shangazi Esteria akashika kifua. Mzee Amedeus alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na aliyemtazama sasa hakuwa mkwe.

"Nilikupa maji ya kunawa," akasema. "Ukanidanganya yakiwa bado mkononi."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimeshawaambia watu. Nani atakwenda kuwaambia tena?"

"Mimi."

"Kwa miguu," mzee akasema, na akatangulia.

Kwa hiyo Makoye aliipita njia ileile kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa suti, mchana, viatu vyake vyeupe vikigeuka rangi ya barabara, na mzee mbele yake. Kwa Bibi Scolastica alisema: gari lile amelitengeneza Romana, nilidanganya. Bibi akaweka mkono sikioni, akasema masikio yake siku hizi ni ya kubahatisha, arudie. Akarudia. Bibi, ambaye husikia mchwa wakila mlango, akaendelea kumenya muhogo. "Nilijua," alisema. "Mkono ule umeshika simu tu."

Kigangoni kwaya yote ilinyamaza kumsikiliza, na wa sauti ya nne, ile nzito, akacheka kwa sauti ya nne. Makoye alihisi uso wake ukiwaka mpaka masikioni. Alidhani aibu ina mwisho, kwamba ukifika chini unasimama. Aligundua kwamba ina vyumba, na kila chumba kina mlango wa kingine.

Dukani kwa Gaudensi alikuta watu wamejaa, habari zilishamtangulia. Akasema neno lake lote, bila kuonyesha meno. Gaudensi akamgeukia mzee, akauliza kama ni Romana huyuhuyu anayeandika hesabu kwa mjomba wake.

Mzee Amedeus aliinamisha kichwa. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

"Haandiki hesabu," akasema. "Hajawahi. Hilo niliwadanganya mimi. Ni fundi."

Njia yote ya kurudi walitembea sambamba.

Romana alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari, kitenge amekikunja mapajani. Watu walikuwa wamesogea kivulini. Makoye akasimama mbele yake.

"Umemaliza?" Romana akamuuliza.

"Bado mmoja."

"Nani?"

"Wewe." Akachuchumaa ili asimtazame kutoka juu. "Romana, gari hili umelitengeneza wewe. Nilijua wakati nasema, na bado nikasema. Sina la kujitetea."

Romana alikigeuza kitenge mapajani, akakinyoosha pembe.

"Hayo mengine umewaambia wao," akasema. "Hilo la mwisho ndilo langu."

Akainuka. Injini ilikuwa imepoa. Aliushika mfuniko kwa kitenge cha sare, na Shangazi Esteria, aliyeona kitenge chake kikigeuka tambara la oili, akafumba macho na kusema endelea tu mwanangu. Romana akaongeza maji kidogo kidogo, akasikiliza, akaongeza. Akamwambia Makoye awashe. Yeye akaenda nyuma kutazama moshi: ukitoka mweupe, sili zimekufa, na pamoja nazo madume yote.

Ikakohoa, ikakataa. Ikakohoa tena. Ikawaka.

Moshi haukuwa mweupe.

Mikono ya Romana ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, maana alikuwa ameikunja ile mikono mirefu bila kufikiria. Makoye akachukua jagi ambalo Romana alikuwa anaongezea maji, akapiga goti kwenye vumbi, mbele ya mashangazi, wajomba na kwaya iliyokuja kutazama, akammiminia. Kuna waliosonya. Alimimina taratibu, akipita mbali kidogo na alama ya lehemu, ingawa ilikwisha kupona, na Romana aliiacha mikono yake chini ya maji muda mrefu kuliko oili ilivyohitaji.

Mzee Amedeus alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, anachungulia.

"Hicho kilicholala ndicho rejeta?"

"Ndiyo, baba."

"Na cha juu? Upepo wake unatokea wapi?"

Romana alijifuta kwenye gauni la sherehe, akaenda akachuchumaa karibu na baba yake.

"Lete mikono, baba," akasema.

Nilipomsomea Romana kisa hiki, pale bandani kwake, alisikiliza mpaka hapa bila kunyanyua macho kutoka kwenye lehemu. Nikasubiri pongezi.

"Imekaa vizuri, babu," akasema. "Ila wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Nikamwambia kiti cha nyuma, nimekwisha andika.

"Kiti cha nyuma kipi? Gari lina viti viwili. Baba mkwe wangu hajaacha kulisema hilo mpaka leo. Wewe ulikuwa kwenye Noah, katikati ya mashangazi, umelala mdomo wazi toka Nsemulwa mpaka Magamba. Shangazi Esteria anasema ulimlalia bega likafa ganzi."

Makoye, aliyekuwa ameshika taa, akaonyesha meno yote.

Jogoo alichinjwa Jumapili baada ya misa, Magamba, kwa Mzee Amedeus. Romana aliketi karibu na baba yake, mikono mifupi, na Makoye ndiye aliyepitisha jagi na beseni. Mimi nilipewa shingo. Na kesho yake Nsemulwa nzima ilichelewa kuamka.